Jedwali la Ukurasa wa Kumi na Tisa

Mji wa Kale, Mombasa

Daktari,

Nimekosea jedwali. Naanza na hilo kwa sababu wewe hukupenda mtu azunguke. Mtu akija na salamu ndefu ulimwitikia zote, za nyumbani, za watoto, za kazi, halafu unamwambia, "Haya, sasa nambie kilichokuleta." Kilichonileta ni hicho. Jedwali la vipimo vya dawa ya malaria ya watoto, ukurasa wa kumi na tisa, toleo la pili la jarida lako tangu tukuzike. Nililibandika mimi kwa mikono yangu, likapigwa chapa, likashonwa, likatumwa. Sasa liko mikononi mwa watu na mimi sijui ni watu gani.

Ni mimi Wafula. Utaujua mwandiko, ni ule ule wa darasa la sita ulioucheka siku ya kwanza ukasema herufi zangu zinatembea kama kuli aliyebeba gunia. Sikukasirika. Nilikuwa kuli kweli.

Siku hizi nawaza sana vile tulivyokutana, labda kwa sababu nina hasira na sina pa kuipeleka. Karatasi zako za kuchapia zilikuwa zimekaa bandarini Kilindini wiki nyingi. Karani huyu anakutuma kwa yule, yule anataka muhuri ambao huyu hana. Zilipotoka hatimaye, lori halikuweza kuingia vichochoro vya kwenu, ukaniita mimi na mkokoteni. Tulizileta hadi Ndia Kuu, na kutoka hapo nikazibeba begani rimu baada ya rimu. Wewe ulitembea kando yangu, daktari mzima wa hospitali, umezishikilia zisianguke, kanzu imelowa jasho. Waliokaa barazani wakakupigia kelele, "Daktari, siku hizi wauza karatasi?" Ukawajibu, "Nauza, lakini nyie hamnunui."

Sikurudi bandarini. Uliniuliza kama naweza kukata mstari ulionyooka, nikasema naweza, nami nilikuwa nadanganya. Nilijifunza.

Jarida lenyewe wakati ule lilikuwa kurasa chache za stensili zilizotiwa pini pembeni. Wino ulichafua vidole vya msomaji. Lakini mle ndani kulikuwa na muuguzi wa Kwale anaeleza alivyowatibu watoto wenye kichocho, na mganga msaidizi wa bara huko ndani anaeleza aliyoyaona kwa walioumwa na nyoka. Ulisema vitabu vya Ulaya vinafika hapa vimeshazeeka, na mtu aliye Ganze hata hivyo vilivyozeeka havimfikii. Ulitaka watu wa hapa waandikiane. Nilifunga vifurushi, nikaandika anwani, nikavipeleka posta. Baada ya miezi majibu yakaanza kuja, mengine yamejaa vumbi, na wewe ukawa unayasoma kwa sauti umesimama mlangoni, hujakaa hata kitini.

Tena kulikuwa na kusomeana. Hilo ndilo nataka ulisikie vizuri, kwa sababu hapo ndipo penye kosa lote. Hakuna jedwali lililotoka mle ndani kabla ya mimi na wewe kukaa mezani, wewe na ukurasa uliobandikwa, mimi na karatasi ya mwandishi. "Shika, bwana Wafula, tusomeane." Hukusoma tarakimu. Ulikuwa ukiweka kidole kwenye mstari na kuniuliza kama vile mtoto mwenyewe yuko mbele yetu. "Huyu ana kilo kumi. Mamake amemleta ana homa. Nimpe kiasi gani?" Nami natazama karatasi yangu nakwambia. "Haya, mwambie mama aende nyumbani. Mwengine!" Siku nyingine Bi Zuhura alikuwa anaacha kupiga taipu anatucheka: "Hospitali imefunguliwa! Na huyu mbara ndiye daktari mkubwa!" Tulicheka, lakini hatukuruka mstari.

Na likipita kosa, kulikuwa na karatasi ya toba. Jina hilo ulilitunga wewe. Kipande cha rangi ya waridi, mabaki ya majalada, ndani ya kila nakala ya toleo linalofuata, na kingine kinatumwa peke yake haraka kwa wale waliokwisha kupata. Maneno yalikuwa mafupi. Tumekosea hapa, sahihi ni hivi, na chini yake jina la aliyekosea. La kwanza kabisa lilikuwa lako. Ulikuwa umeipa picha ya kidonda kimoja jina la kingine. La pili lilikuwa la Bi Zuhura, naye alilia tangu asubuhi hadi adhuhuri, kisha akafuta macho akapiga taipu jina lake yeye mwenyewe. Nilikuuliza kwa nini majina. Ulinijibu, "Msomaji akiona jina, ajua kuna mtu nyuma ya hii karatasi. Mtu aaminiwa. Karatasi tupu haiaminiwi." Jina langu halikuwahi kuwekwa. Nilijivunia hilo, nakiri.

Siku uliyofariki ulizikwa alasiri ile ile, kama desturi yenu. Nilifika makaburini na gundi bado imenikauka vidoleni. Sikujua maombi yenu, nikasimama nyuma na kusema yetu.

Sasa nikwambie hali ilivyo. Jarida limekua, Daktari. Sitakudanganya kwa sababu ya hasira. Jalada linang'aa. Kuna kompyuta. Ofisi ya mhariri imehamia mjini, ghorofani, na feni mbili. Sisi wa gundi na uzi tumebaki hapa chini ya nyumba yako. Barua zinakuja kutoka maktaba za nchi ambazo sijui ziko upande gani wa bahari. Na kuna watu huko ng'ambo ambao sasa wanalipima, waone kama linafaa kuandikwa katika orodha kubwa ya majarida ya dunia, yale ambayo daktari akiandika humo anapandishwa cheo. Jambo hilo hata wewe ulilitaka. Nakumbuka ulivyolalamika kwamba madaktari wetu makala nzuri wanazipeleka nje, sisi wanatuletea makombo.

Mhariri mpya ni msomi, profesa. Si mtu mbaya. Anafanya kazi hadi macho yanakuwa mekundu, na karatasi zikikwama bandarini anakwenda mwenyewe kugombana nao, kama wewe. Lakini desturi ya kusomeana ameikomesha. Alitukuta siku moja mimi na Bi Zuhura tunajaribu kuendeleza, yeye anauliza, mimi najibu, akasema, "Jamani, hii ni ofisi ama chekechea?" Akasema kompyuta inahakiki. Nikamwambia maneno ndiyo yanatoka kwenye kompyuta, majedwali bado yanabandikwa kwa mkono. Akasema basi bandika vizuri.

Nikabandika.

Ilikuwa hivi. Kushoto uzito wa mtoto, kulia dawa. Vipande viwili, kila kimoja kimekatwa peke yake. Kile cha kulia nilikianzia juu mno bila kujua, mstari wake wa juu ukapanda juu ya kichwa cha jedwali. Nikaona ni mstari uliozidi. Wanazidisha mara nyingine, wanarudia kitu. Nikachukua wembe nikaukata. Kipande kikakaa sawa sawa juu, pembe kwa pembe, pakabaki pengo chini kabisa, nami nikaliziba kwa kistari. Nilikitazama nikaona ni kazi safi. Daktari, nilikiona kizuri! Kumbe nimewakata dawa yao watoto wadogo kabisa, na kila mtoto nimempa ya yule aliyemzidi uzito. Mchanga anapewa ya anayetambaa, anayetambaa anapewa ya anayekimbia. Sikuwaita hata mmoja mbele ya meza. Ningemwita mmoja tu, ningeona.

Nilijua kwa barua. Sista Kadzo, yule wa zahanati ya ndani kupita Mariakani, aliyekuwa anakuandikia kila toleo na kukugombeza kwamba herufi ni ndogo. Barua inakuja kwa jina la jarida, mimi ndiye nafungua. Aliuliza kwa adabu kama kipimo kimebadilishwa, kwa sababu karatasi yake ya ukutani inasema vingine. Anasema amesita, hajampa mtoto yeyote kipimo chetu. Halafu akaandika: "Lakini kama mmebadilisha nyinyi, nitaibandua hii ya ukutani, maana nyinyi sijawahi kuwaona mkitupotosha."

Yeye amesita. Na yule ambaye hakusita? Na yule ambaye ukuta wake hauna karatasi, ambaye kwa ajili yake ndiyo ulianzisha jarida hili?

Nilipanda ngazi za ofisi ya mjini na barua mkononi na toleo lenyewe. Nikamwonyesha Mhariri. Alielewa haraka kuliko mimi, uso wake ukabadilika, akakaa. Nikadhani tumemaliza. Nikasema nitakata za waridi leo leo, kesho zitoke. Akalifunga toleo. Kisha akaniambia nisubiri, wale wa ng'ambo wanatazama matoleo haya haya, na jawabu lao liko karibu. Tutasahihisha wakishaamua, ndani ya toleo, ukurasa wa mwisho, kwa lugha nzuri.

Nikamwambia, "Mkuu, watoto hawasubiri jawabu la ng'ambo."

Akanijibu, na sauti yake haikuwa ya ukali, "Wafula, wewe hujui. Jarida la Uingereza likikosea, wanasema limekosea. Letu likikosea, wanasema, si tulijua tu." Alikuwa anasema kweli, nami niliona inamuuma. Ndiyo maana sina hata mtu mzuri wa kumchukia. Nikasimama pale kama mzigo uliosahauliwa gatini. Halafu akaongeza lile ambalo angeliacha: "Na hata hivyo, kazi yako ni gundi."

Nilirudi mara nyingine. Nikaambiwa yuko mkutanoni. Mara ya tatu nikaambiwa yuko Nairobi. Wiki ikaisha, ikaingia nyingine. Kila asubuhi nilikuwa nafungua barua naogopa mkono wangu. Nilitaka barua ije na nilitaka isije.

Basi nikamwendea Bi Zuhura. Aliacha taipu akaniangalia juu mpaka chini. "Wee mbara, wataka kunitia matatani uzeeni?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Haya, ndoo hapa. Lakini sema upesi, mimi nina wali jikoni." Akapiga stensili jedwali zima upya, na safari hii tulisomeana. Yeye aliuliza, "Huyu ana kilo kumi," nami nikajibu, mstari kwa mstari. Tulipofika mwisho akauliza, "Jina?" Nikampa langu. Akapiga herufi moja moja, bila mzaha, kisha akasema, "Karibu. Nilikuwa peke yangu humu na marehemu."

Ile mashine ya zamani bado iko chini ya ngazi zako. Inalia lakini inazunguka. Tukapiga, nikakata, nikatia bahasha. Anwani nazijua kwa moyo zaidi ya nyimbo za kanisani. Siku ya pili asubuhi nikazipeleka posta kwa mkokoteni ule ule wa vifurushi, nikasimama kwenye dirisha hadi bahasha ya mwisho ikagongwa muhuri. Nilimwandikia na Sista Kadzo barua yake peke yake. Nilimwambia asibandue.

Moja niliipeleka juu kwa Mhariri. Sikutaka aipate kwa mtu mwingine.

Aliisoma amesimama. "Nani alikuruhusu?" Nikasema Daktari. "Daktari amekufa, Wafula." Nikasema najua, nilikuwepo. Akaisoma tena, feni zinazunguka. Mwisho akaniambia nimalize wiki hii kisha nisije tena. Akanyoosha mkono kunirudishia kile kikaratasi, halafu akaurudisha mkono, akakikunja akakitia mfukoni mwa shati. Sijui atakitupa au atakiweka. Sikuuliza.

Kwa hiyo nimefukuzwa kazi uliyonipa. Jina langu liko kwenye karatasi ya toba na jina lingine lolote sina hapa Mombasa. Mke wangu kule Bungoma anajua naja. Nilimtumia salamu kwa mtu wa reli. Ameshasafisha nyumba, na mtoto wetu wa mwisho, ambaye ameniona mara chache hata ananiita mgeni, ameambiwa babake anarudi moja kwa moja. Nimechoka, Daktari. Mgongo wangu ni wa bandari na macho yangu ni ya jarida lako, vyote vimekwisha. Ningependa kupanda gari kesho.

Lakini liko jambo moja bado. Toleo lile halikwenda kwa posta tu. Kulikuwa na semina ya wahudumu wa afya kwenye ukumbi mmoja mjini, mtu anaingia, anatia sahihi kwenye daftari, anapewa nakala. Nani alikuwa mlangoni akigawa? Mimi. Niligawa natabasamu. Wale hawamo kwenye anwani zangu. Wametoka Rabai, Kaloleni, Kinango, wengine mbali zaidi, na posta haiwezi kuwafikia kwa sababu hatujui ya kuandika juu ya bahasha. Wana majina tu na vijiji.

Jana Bi Zuhura alinipa lile daftari, amelifunga ndani ya kanga pamoja na mkate wa mofa wa njiani. Alisema, "Ukilipoteza, mimi sikujui." Kisha akageuka akaenda zake, hakutaka nimwone usoni.

Nimezikata karatasi zilizobaki, jina moja karatasi moja. Nitakwenda kwa miguu pale gari lisipofika. Nitamtafuta kila aliyetia sahihi, nimwombe nakala yake, niibandike karatasi ya waridi juu ya jedwali langu kwa mkono wangu, nimweleze aliyekosea ni nani. Nitamuuliza pia kama kuna mtoto aliyekwisha kupewa. Jibu lake nitalisikia nikiwa nimesimama mbele yake, lolote liwalo. Hilo ndilo linanitisha, si safari.

Mke wangu nitamwambia angoje. Atanigombeza na atakuwa na haki.

Pumzika, Daktari. Mungu akurehemu kwa lugha yoyote mnayozungumza huko. Nakuahidi kitu kimoja tu, kwa sababu vingine sina nguvu navyo: sitapanda gari la kwetu hadi daftari hili liishe. Jina la kwanza ni la mwanamke wa Rabai, mkunga. Sahihi yake ni msalaba na dole gumba, hajui kusoma, kwa hiyo jedwali kuna mtu anayemsomea. Natoka asubuhi kumtafuta mtu huyo.

Wako,
Wafula